Herufi Tatu za Kuanza, Herufi Tatu za Kukoma: Vinara wa Jeni Kutoka Lokiriama

Turkana imezoea kuingia kwenye vitabu vya rekodi kupitia ardhi yake. Ziwa lake ndilo kubwa kuliko yote duniani miongoni mwa maziwa ya kudumu yaliyo jangwani. Lomekwi, magharibi ya ziwa hilo, ndiko zilikopatikana zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zinazojulikana. Nariokotome ilitupatia, mwaka 1984, mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, na jicho lililokiona kipande cha kwanza lilikuwa la Kamoya Kimeu. Ukitoka Lodwar ukaelekea magharibi hadi karibu na mpaka wa Uganda, Lokiriama nayo ina fahari yake: mapatano ya amani ya mwaka 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, ambayo wazee wa pande zote mbili hukutana kuyakumbuka hadi leo.

Vinara ninaotaka kuwataja hapa ni wa aina nyingine. Hawaonekani kwa macho, lakini wamo ndani ya kila mtu, kila ngamia na kila mdudu anayepita Lokiriama. Ni alama za herufi tatu tatu zinazoiambia seli mahali pa kuanza kujenga protini na mahali pa kukoma. Wengi hudhani habari hizi ni za maabara za ng'ambo. Nasema baadhi ya rekodi zake nzito kabisa ziko Turkana, na mojawapo ni suala la kufa na kupona.

Kwanza tuelewane jinsi kazi inavyokwenda. Seli hujenga protini kwa kusoma RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni iliyoandikwa kwa herufi nne: A, U, G na C. Anayesoma ni ribosomu, naye husoma herufi tatu kwa mpigo. Kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni. Kodoni zote ni 64. Kati yake 61 hutaja asidi amino, ambazo ndizo viungo vya protini. Tatu zilizobaki, UAA, UAG na UGA, hazitaji kiungo chochote. Ribosomu ikifika kwenye mojawapo, hakuna RNA ndogo ya kuleta kiungo kipya. Badala yake huingia protini maalumu inayokata mnyororo uliokwisha kuundwa na kuuachia uende zake. Ya kuanzia ni AUG, ambayo pia hutaja asidi amino iitwayo methionini. Kwa hiyo karibu kila protini mpya huzaliwa na methionini kichwani, hata kama baadaye itakatwa.

AUG ina jukumu zito kuliko kuonyesha mlango tu. Ikishachaguliwa, huwa imepanga herufi zote zinazofuata katika makundi ya tatu. Andika MTU AJE ALE YAI, kisha uanze kusoma herufi moja mbele: TUA JEA LEY AI. Herufi ni zile zile, maana imetoweka. Seli ikiteleza hivyo, kwa kawaida haifiki mbali kabla ya kugonga kodoni ya kukomesha isiyokuwa mahali pake, kwa sababu katika maandishi yasiyo na mpango kodoni tatu kati ya 64, karibu moja katika kila 21, ni za kukomesha. Ndiyo maana uchaguzi wa AUG sahihi hulindwa sana. Katika bakteria, ribosomu huongozwa na mfuatano mfupi ulio kabla ya AUG, waliouonyesha John Shine na Lynn Dalgarno mwaka 1974. Kwetu wanadamu, ribosomu huanzia mwanzo wa RNA na kuipekua mpaka ikutane na AUG iliyozungukwa na herufi zinazofaa. Mpangilio huo wa herufi ulichambuliwa na Marilyn Kozak katika miaka ya 1980, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Ya kwanza na ya mwisho kusomwa

Kodoni ya kwanza kufumbuliwa ilikuwa UUU, tarehe 27 Mei 1961, katika maabara ya Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei huko Bethesda, Marekani. Ya mwisho ilikuwa UGA, iliyothibitishwa kuwa ya kukomesha mwaka 1967. Miongoni mwa walioithibitisha alikuwemo Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameshiriki kuzitambua UAA na UAG. Alama zote tatu za kukoma, basi, zimepita mikononi mwa mwana wa Afrika, na sijui kwa nini walimu wetu hawalitaji jambo hili darasani.

Fupi kuliko zote, ndefu kuliko zote

Ujumbe mfupi kupita wote una herufi sita: AUGUAA. Anza, koma. Hauna kiungo cha pili. Mtu angesema ni makosa ya mwandishi, lakini mmea mdogo wa jamii ya haradali, Arabidopsis, unautumia kwa kazi maalumu. Herufi hizo ziko mbele ya jeni inayosaidia mizizi kufyonza madini ya boroni. Boroni ikiwa nyingi udongoni, ribosomu hukwama hapo hapo kwenye AUGUAA, RNA ile huharibiwa, na mmea huacha kufyonza sumu. Boroni ikiwa chache, ribosomu hupita na kazi huendelea. Watafiti wa Japani walilieleza jambo hili mwaka 2016. Kwangu ni mfano bora kabisa wa kuonyesha kwamba alama hizi zinaamua pia kiasi cha protini kitakachotengenezwa.

Upande wa pili, kwa miaka mingi mshindi alikuwa titini, protini ya misuli yetu yenye asidi amino zaidi ya 34,000 kati ya AUG na alama ya kukoma. Ribosomu ya binadamu huunganisha takriban tano kwa sekunde, kwa hiyo titini moja huchukua karibu saa mbili kukamilika. Agosti 2024 ilipitwa. Mwani mmoja wenye sumu ya kuua samaki, Prymnesium parvum, ulikutwa na protini yenye asidi amino 45,212, nayo ikaitwa PKZILLA-1.

Vituo vingi mfululizo

Chanjo za RNA za COVID-19, ambazo Kenya ilianza kuzipokea mwaka 2021, zilibuniwa na watu waliojua kwamba kodoni moja ya kukomesha mara chache huponyoka. Ile ya Pfizer ina mbili zikifuatana, UGA na UGA. Ile ya Moderna ina zote tatu: UGA, UAA, UAG. Hakuna ribosomu iliyotarajiwa kupita hapo.

Pagumu kuliko pote kuandika jeni

Hapa namtaja adui tunayemjua vizuri Kakuma na Lodwar: Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2002, ina takriban asilimia 81 ya A na T, na T ndiyo inayogeuka U kwenye RNA. Angalia tena UAA, UAG na UGA: zimejaa A na U. Nimepiga hesabu rahisi. Katika maandishi ya nasibu yenye uwiano huo wa herufi, kodoni ya kukomesha hujitokeza karibu mara moja katika kila kumi, mara mbili zaidi ya ile moja katika 21 tuliyoiona mwanzoni. Na bado kimelea hiki kimehifadhi jeni zaidi ya 5,000 zisizokatika njiani. Uchaguzi wa asili ndio unaofagia kila alama ya kukoma inayojitokeza pasipofaa, kizazi baada ya kizazi.

Iliyobebwa na watu wengi

Kodoni ya kukomesha inayojulikana zaidi na wanamichezo iko kwenye jeni ACTN3. Jeni hii hutengeneza protini ya nyuzi za misuli ya kasi, zile za kuruka na kuchomoka. Kwenye kodoni ya 577, watu wengi duniani wana T mahali palipokuwa na C: CGA, ambayo hutaja asidi amino ajinini, imekuwa TGA, yaani koma. Aliyerithi alama hiyo kwa baba na kwa mama hana protini hiyo kabisa, na wala haumwi, kwani protini ya jamii yake hushika nafasi. Watu hao ni zaidi ya bilioni moja. Kathryn North na wenzake wa Australia waliieleza hali hii mwaka 1999.

Uvumi ukaenea kwamba siri ya wakimbiaji wa Kenya iko hapo: kwamba wamekatiwa protini ya kasi ili wapate ya masafa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ukaenda kupima. Kati ya Wakenya, waliokosa protini hiyo kabisa walikuwa takriban asilimia moja tu, wakati Ulaya ni karibu asilimia 18. Wanariadha wa Kenya hawakutofautiana na Wakenya wa kawaida. Naisisitiza taarifa hii kwa sababu bado kuna wanaouza vipimo vya jeni vya kumchagulia mtoto mchezo. Paul Ereng, Mturkana aliyeshinda dhahabu ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alishinda mbio inayodai kasi na pumzi kwa pamoja, na hakuna kodoni moja inayoweza kudai medali ile.

Yenye faida kubwa kwa mbebaji wake

Kukatika mapema kwa protini hutajwa mara nyingi kama balaa, na mara nyingi ni balaa kweli: watoto wengi wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne wana alama ya kukoma katikati ya jeni yao au usomaji uliohamishwa. Lakini mwaka 2005 na 2006, Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas walionyesha kinyume. Baadhi ya Wamarekani wenye asili ya Afrika wana kodoni ya kukomesha ndani ya jeni PCSK9, kwenye nafasi ya 142 au ya 679. Kolesteroli mbaya kwao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Dawa zinazoiga kazi ya alama hizo zilianza kuidhinishwa mwaka 2015. Damu yenye asili ya Afrika ndiyo iliyoonyesha njia ya tiba inayotumika leo duniani kote.

Kongwe kuliko zote katika nchi ya joto

Hii ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza.

DNA haidumu. Ile kongwe kabisa iliyowahi kusomwa ilitoka kwenye ardhi iliyoganda ya Greenland, na ina miaka milioni mbili. Kwenye joto la Turkana, hakuna aliyetarajia chochote cha umri huo. Protini ni ngumu zaidi, na ngumu kupita zote ni zile zilizonaswa ndani ya enameli ya jino wakati jino linajengwa. Mwaka 2016, maganda ya mayai ya mbuni kutoka Laetoli, Tanzania, yalitoa vipande vya protini vya miaka milioni 3.8, na wengi waliona huo ndio mpaka kwa Afrika ya joto.

Julai 2025 jarida la Nature likachapisha kazi ya Daniel Green, Timothy Cleland na wenzao. Walichukua meno ya wanyama wakubwa wa kale wa Bonde la Turkana, jamaa za tembo na vifaru miongoni mwao, wakapata vipande vya protini za enameli kuanzia miaka milioni 1.5 hadi milioni 18. Vile vikongwe vinatoka Buluk, upande wa mashariki ya ziwa, na Loperot, kusini-magharibi. Loperot ni pale pale palipopatikana mabaki ya nyangumi wa miaka milioni 17, mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. Katika toleo hilo hilo la Nature, wanasayansi wengine walieleza protini za kifaru wa miaka zaidi ya milioni 21, lakini yeye alihifadhiwa na baridi ya kaskazini mwa Kanada. Kwa nchi za joto, Turkana haina mpinzani.

Fikiria maana yake. Miaka milioni 18 iliyopita ribosomu ndani ya ufizi wa mnyama iliona AUG, ikaanza, ikaunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, ikafika kwenye alama ya kukoma, ikaachia. Ribosomu imeoza, RNA imeoza, jeni imeoza. Kazi yake imebaki jinoni. Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho jino haliwezi kutueleza. Kodoni ya kukomesha haiachi alama yoyote ndani ya protini, kwa vile haileti kiungo. Wala kurudi kutoka asidi amino hadi kodoni si kazi ya uhakika: lusini peke yake ina kodoni sita. Tunasoma alichosema mnyama yule, lakini tahajia yake imepotea.

Muhimu ingawa iko nje ya mipaka

Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti wa miaka mingi uliofanywa pamoja na jamii za Waturkana, ukiwashirikisha watafiti wa KEMRI na wa Turkana Basin Institute. Walisoma jenomu kamili za watu 367. Waligundua kwamba chakula cha wafugaji wa kuhamahama hutoka kwa mifugo kwa asilimia 70 hadi 80, kwamba wengi wao huishi na upungufu wa maji mwilini, na bado wana afya njema. Sehemu nane za jenomu zilionyesha dalili za kuchaguliwa na mazingira. Iliyong'aa zaidi ilikuwa karibu na jeni STC1, inayosaidia figo kubana maji na pengine kujilinda na taka za nyama nyingi.

Neno langu hapa ni hilo "karibu na". Mabadiliko yaliyoipa Turkana sifa hii hayako kati ya AUG na alama ya kukoma. Protini yenyewe ni ile ile ya kila mtu. Kilichobadilika kiko pembeni, mahali panapoamua jeni isomwe lini na mara ngapi. Ni hivyo pia kwa uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kuchafuka: badiliko lililoenea Kenya na Tanzania, lililoelezwa na Sarah Tishkoff na wenzake mwaka 2007, liko takriban herufi 14,000 kabla ya jeni ya laktesi. Asiyetazama nje ya hizo herufi tatu tatu angeikosa historia yote ya maziwa na ukame.

Iliyopotea, kisha ikaandikwa upya

Kuna viumbe vinavyozichezea alama hizi kwa namna ya kutisha. Kiumbe cha seli moja Condylostoma magnum kinaweza kuzisoma UAA, UAG na UGA zote kama asidi amino, na hukoma pale tu RNA inapokaribia mwisho. Lakini rekodi ya uhariri ni ya jamii ya vimelea vya malale na kala-azar. Ndani ya mitokondria zao, jeni nyingi zimeandikwa kwa mapengo. RNA moja ya kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, huongezewa U 547 na kuondolewa nyingine 41 kabla ya kusomeka. Zaidi ya nusu ya ujumbe wa mwisho haumo katika jeni. Na katika baadhi ya RNA hizo, hata AUG ya kuanzia haipo mpaka uhariri uitengeneze. Jambo hili lilielezwa mwaka 1988.

Jamaa yake, Leishmania donovani, ndiye anayeleta kala-azar, na huyu ni wa kwetu: Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Marsabit, Wajir, na ng'ambo ya mpaka hadi Karamoja. Nzi wa mchanga anayemsambaza hujificha kwenye vichuguu vya mchwa. Bila tiba, karibu kila anayeugua hufa.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza, kwa Afrika Mashariki, sindano za dawa mbili kwa siku 17 badala ya siku 30 za dawa moja, baada ya majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan. Moja ya hizo mbili ni paromomisini. Inafanya nini? Inaingia ndani ya ribosomu ya kimelea, mahali pale pale ambapo kodoni hulinganishwa na RNA inayoleta kiungo, na kuharibu umakini wa kusoma. Kodoni husomwa vibaya, hata zile za kukomesha huweza kupitwa, na protini za kimelea huharibika. Ribosomu yetu inasalimika kwa sehemu kubwa kwa sababu ya tofauti ndogo sana ya herufi kwenye RNA yake. Kwa sehemu kubwa, si kabisa: dawa hii inaweza kudhuru usikivu, na mgonjwa akisikia mlio masikioni amwambie muuguzi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, msomaji wa Loima, wa Lokiriama, wa Kakuma: homa ikipita wiki mbili, mwili ukakonda na bandama likavimba upande wa kushoto wa tumbo, usitosheke na dawa ya malaria peke yake. Nenda hospitali uombe kipimo cha kala-azar. Ni tone la damu ya kidoleni na majibu hutoka siku hiyo. Ukianzishiwa sindano, kaa mpaka siku ya 17 hata kama homa imeshuka wiki ya kwanza.